Sindano sawa, na mazoezi je?
Mwandishi wa makala hii ya akupancha, tiba ya kuchoma sindano, amelipita haraka mno jaribio la Ujerumani lililochapishwa mwaka 2007. Wagonjwa 1,162 wa maumivu ya mgongo waligawanywa makundi matatu: akupancha halisi, sindano za kuzuga zilizochomwa juujuu nje ya nukta rasmi, na matibabu ya kawaida ya dawa, fiziotherapia na mazoezi. Miezi 6 baadaye waliopata nafuu walikuwa asilimia 47.6, 44.2 na 27.4. Kwa hiyo wanaosema hapo juu kwenye maoni kwamba sindano hazisaidii kitu wana la kujibu, na wanaoapa kwamba lazima sindano ichomwe kwenye nukta ileile wana la kujibu zaidi. Uingereza nayo imeyumba: NICE, taasisi ya miongozo ya tiba, iliikubali akupancha kwa mgongo mwaka 2009, ikaiondoa 2016.

Nikija kwenye mazoezi, kuna fundi cherehani hapa mtaani, bega lake liliganda hata kuanika kanga kambani hawezi. Mtaalamu wake wa fiziotherapia alimchoma sindano nyembamba kama unywele, akamwacha alale kidogo, kisha maumivu yalipolegea akamwambia atambaze vidole ukutani, mkono upande taratibu. Nyumbani akaendelea na ukuta kila siku. Jamani, kabla ya kulipa ulizeni: baada ya sindano kuna mazoezi gani? Sindano iwe mpya, na ya karibu na kifua achome aliyesomea, maana pafu likitobolewa hiyo ni dharura. Mwandishi atuandikie na hilo la mazoezi na usalama.