Umeme wa Koni, makaa ya Koni



Mto Lufira unazungusha mitambo ya umeme ya Koni tangu 1950. Umeme unakwenda migodini, na vijijini tunapika kwa makaa huku miombo ikiisha. Aibu hii haihitaji semina nyingine.

Sheria ya migodi ya Kongo ya 2018 inayapa maeneo yenye migodi asilimia 15 ya mrabaha wa madini. Pesa hizo zilete transfoma kwanza, miche baadaye. Kule Pemba, Zanzibar, watu wa kisiwa cha Kokota walirudisha miti na kukinga maji ya mvua, nao hawana mto hata mmoja!

Na maji machafu ya viwanda vya Likasi, yanayoshuka kwa mto Panda hadi ziwa Tshangalele? Yapimwe kila mwezi, majibu yabandikwe soko la samaki Kapolowe.

Msomaji wenu,
Koni