Siri ya Mganga Isimdhuru Mgonjwa

Mgonjwa wa kisukari kutoka Mutuka, mjini Babati, aweza kuwa anakunywa kila asubuhi maji ya mizizi aliyopewa na mganga wa jirani. Mhudumu wa afya akimwuliza ni mizizi ya mti gani, hajui. Mganga naye akiulizwa, hunyamaza. Ukimya huo una gharama, kwani baadhi ya mimea hushusha sukari, na ikichanganyika na vidonge vya hospitali yaweza kuishusha hadi mgonjwa akazimia.

Ni rahisi kumlaumu mganga kwa uchoyo, lakini hofu yake ina msingi. Maarifa aliyorithi ndiyo mali yake. Akitaja mti, kipimo na namna ya kuuchemsha, hana hakika kwamba kesho dawa hiyo haitauzwa kwa jina la mwingine. Mwaka 1995 Marekani iliwapa watafiti wa Chuo Kikuu cha Mississippi hataza juu ya matumizi ya manjano kuponya vidonda, jambo lililojulikana India tangu kale. Baraza la Utafiti wa Sayansi na Viwanda la India lilipinga, likawasilisha maandishi ya kale na ya kitaalamu, na mwaka 1997 hataza ikafutwa. Sheria ya Marekani ya wakati huo haikuyahesabu matumizi ya nchi nyingine yasiyoandikwa. Kilichoiokoa India ni maandishi.

Mganga wa Tanzania naye ana njia za kisheria, kila moja na mpaka wake. Chini ya sheria ya mwaka 1987, Wakala wa Usajili wa Biashara na Leseni (BRELA) hutoa hataza kwa uvumbuzi mpya unaofaa kutumika viwandani. Mti uliojiotea porini si uvumbuzi, na njia ya kumtibu mtu haipewi hataza. Dawa mpya iliyotengenezwa kutokana na mti huo yaweza kupewa. Anayeitangaza redioni kabla ya kuomba hataza huenda akapoteza sifa ya upya. Alama ya biashara hulinda jina la dawa sokoni. Hakimiliki hulinda maneno ya kitabu cha tiba, si tiba iliyomo. Baraza la Tiba Asili na Tiba Mbadala, lililoundwa kwa sheria ya mwaka 2002, husajili waganga na dawa zao, lakini usajili huo si hati ya umiliki.

Kwa hiyo ulinzi wa kwanza, na ulio karibu zaidi na mganga, ni makubaliano ya maandishi ya kutunza siri, yanayotiwa saini kabla jani halijatoka Mutuka. Yaandikwe kwa Kiswahili, yataje nani atatambuliwa katika ombi la hataza na faida itagawanywaje. Na kwa kuwa mzizi mmoja hujulikana na wazee wengi wa Kigorowa na Kiiraqw, haifai mtu mmoja auze kilicho cha wote. Jamii nayo itajwe.

Mhudumu wa afya ana wajibu wake. Kumwuliza mgonjwa alichokunywa ni sehemu ya tiba. Kulichukua jibu hilo na kumpa mtafiti bila ridhaa ni usaliti. Jina la mti likiandikwa katika faili la mgonjwa, liwe siri kama ugonjwa wenyewe. Vyuo vya tiba vinavyochunguza mitishamba, kikiwamo Chuo Kikuu cha Muhimbili ambako utafiti huo ulianza mwaka 1974, vina nafasi ya kuandaa makubaliano hayo na kuyapeleka hadi kwenye kata.

Mganga akijua kwamba kusema hakutampokonya mali yake, atasema. Hapo mhudumu ataweza kupanga kipimo cha vidonge akijua kilichomo katika kikombe cha asubuhi, na mgonjwa wa Mutuka atakuwa salama zaidi. Sheria ya miliki bunifu, inayodhaniwa kuwa ya wafanyabiashara, ni kinga ya mgonjwa pia.