Mzigo Ukivunjika Njiani Ni wa Muuzaji

Umezuka usemi miongoni mwa vijana wanaouza bidhaa mtandaoni kutoka Kampala: "Mzigo ukishapanda basi, si wangu tena." Huandikwa chini ya picha za blenda, sahani, manukato na simu zilizotumika, kwenye WhatsApp na TikTok. Wengi wanaoutumia ni wanafunzi wenzetu. Nasema wazi kwamba usemi huu ni dhuluma, na unaiua biashara ileile unayodai kuilinda.

Kwanza, tujiulize nani ana uwezo wa kuzuia hasara. Mnunuzi aliye Gulu au Arua amelipa kabla ya kukiona kitu. Hajui kama blenda yake imewekwa katika boksi imara au katika katoni ya biskuti iliyolegea kwa unyevu. Hawezi kuongeza hata karatasi moja. Muuzaji peke yake ndiye anayekishika chombo na kuchagua namna ya kukifunga. Kumtwisha hasara mtu asiyekuwa na nafasi ya kuikinga si haki hata kidogo.

Wapo watakaonijibu kwa sheria. Ni kweli kwamba Sheria ya Uuzaji wa Bidhaa ya Uingereza ya mwaka 1893, iliyokuwa kielelezo cha sheria za Uganda, Kenya na Tanzania, ilichukulia kwa kawaida kuwa kumkabidhi mchukuzi mzigo ni sawa na kumkabidhi mnunuzi. Lakini Uingereza yenyewe imemwondolea mlaji mzigo huo. Kwa sheria yao ya mwaka 2015, hatari hubaki kwa muuzaji mpaka mlaji apokee kitu chake, isipokuwa kama amejitafutia mchukuzi mwenyewe.

Tena Uganda ilijiunga mwaka 1992 na Mkataba wa Umoja wa Mataifa kuhusu mauzo ya kimataifa ya bidhaa, uliopitishwa Vienna mwaka 1980. Kwa ibara ya 35 ya mkataba huo, bidhaa isiyofungwa kwa namna iliyozoeleka, au angalau kwa namna inayotosha kuilinda, haijatimiza makubaliano. Yaani, ufungaji ni sehemu ya bidhaa. Mkataba huo ni wa wafanyabiashara, hauhusu vitu vya matumizi ya nyumbani. Basi nauliza: ikiwa tajiri wa makontena analindwa, kwa nini mwalimu aliyenunua sahani sita asilindwe?

Wengine huwalaumu wapakiaji: wanatupa mizigo, wanalaza gunia la mahindi juu ya vyombo vya kioo. Sikatai. Lakini jambo hilo linajulikana kabla mzigo haujaondoka. Anayejua kwamba mvua itanyesha hutoka na mwavuli. Kuandika "Shika kwa uangalifu" kwa kalamu nyekundu hakulifanyi boksi kuwa la chuma, na maandishi hayo hayasomeki ndani ya buti lenye giza.

Hoja inayobaki ni gharama. Tuseme blenda inauzwa shilingi 120,000, na boksi la pili pamoja na selotepu ni shilingi 4,000. Blenda moja ikivunjika, fedha iliyopotea ingefunga blenda 30. Tena vifaa vingine havihitaji fedha: magazeti ya zamani yapo, na majani makavu ya mgomba yamejaa nchi nzima. Sahani zisimamishwe kwa ukingo, kila moja na karatasi yake, wala zisilazwe. Chupa ya manukato ifungwe kizibo kwa selotepu, kisha iingie katika mfuko wa plastiki. Simu izimwe, na isiguse ukuta wa boksi. Pande zote sita zijazwe kwa unene wa vidole vitatu hivi. Mwishowe boksi litikiswe: likitoa sauti, halijafungwa.

Mnunuzi naye ana wajibu. Aufungue mzigo palepale ofisini, apige picha, na atoe taarifa siku hiyohiyo. Muuzaji aliyepiga picha zake wakati wa kufunga atakuwa na ushahidi dhidi ya mdanganyifu, na hata dhidi ya kampuni ya basi. Asiyefunga vizuri hana cha kuonyesha.

Akiba haiozi, na kwa anayeuza bila kuonana na mteja, akiba yake ni uaminifu. Mnunuzi wa Arua aliyepokea vigae mara moja hatarudi, na atawaambia jirani zake kwamba watu wa mtandaoni ni wezi. Hasara hiyo inatuangukia sote, hata tunaofunga vizuri. Kwa hiyo tuufute usemi ule na tuandike mwingine chini ya picha zetu: "Mzigo ni wangu mpaka uufungue."