Kanisa likibomolewa, nini kinabaki?



Watu wa Ndanda na Peramiho hawahitaji kuambiwa Wabenediktini ni akina nani. Wamesoma katika shule zao na kutibiwa katika hospitali zao. Lakini si wengi wanaojua kwamba Abasia ya Münsterschwarzach nchini Ujerumani, iliyowatuma kwetu baadhi ya wamonaki hao, iliwahi kufa kabisa.

Abasia hiyo iliyo karibu na Würzburg ilianza mwaka 816. Katika karne ya 18 wamonaki waliamua kujenga kanisa jipya kwa mtindo wa baroko, wenye kuba, mapambo mengi na dari zilizochorwa picha za mbinguni. Kazi alipewa Balthasar Neumann, mmoja wa wasanifu majengo hodari wa zama zake. Jiwe la msingi liliwekwa 1727, kanisa likatabarukiwa 1743.

Sala zilidumu humo miaka 60 tu. Mwaka 1803 Serikali ya Bavaria iliifunga abasia na kutwaa mali zake, wamonaki wakatawanyika. Katika miaka ya 1820 kanisa likabomolewa. Mmoja wa wanafunzi wa Yesu aliposhangaa uzuri wa hekalu, Yesu alimwonya kwamba mawe yale yote yangeangushwa (Marko 13:1-2). Hata ya Neumann yaliangushwa.

Mwaka 1913 Wabenediktini Wamisionari wa St. Ottilien walikuja kuifufua abasia. Kuba la Neumann hawakulikuta. Walikuja na Kanuni ya Mtakatifu Benedikto, iliyokuwa imetunzwa kwingine: kusali, kufanya kazi, kumpokea mgeni kama Kristo mwenyewe. Wakajenga kanisa jingine kati ya 1935 na 1938. Mwaka 1941 Wanazi wakawafukuza. Vita vilipokwisha, wakarudi na kuanza tena.

Ndugu yangu, parokia zetu nyingi ziko kwenye ujenzi. Kila Jumapili kuna bahasha, kadi na ahadi. Sipingi. Mungu anastahili nyumba nzuri, na maskini naye ana haki ya kusali mahali pazuri. Ninachopinga ni mjane kusomwa jina mbele ya waumini kwa kutomaliza mchango. Ninachopinga ni mgonjwa wa jumuiya kukosa wa kumtembelea kwa sababu sote tuko kwenye kikao cha ujenzi. Mjane huyo akiacha kuja kwa aibu, tutakuwa tumeanza kulibomoa kanisa kabla halijaezekwa.

Toa mchango wako leo kwa moyo mweupe. Kisha ujiulize: paa hili likiondoka kesho, tutakutana chini ya mwembe kusali? Na mjane yule atakuwepo?

Jumapili njema.