Ung'eng'e wa Vibandani

Leo nina aibu yangu ya kuwasimulia, msinicheke sana.

Miaka hiyo nimetoka shule, niliitwa usaili kwenye hoteli moja hapa Dar, kazi ya mapokezi. Suruali imepigwa pasi inakata, vyeti mkononi. Kiingereza Kidato cha Nne nilikuwa na B, basi kifua mbele! Mama mmoja wa Kizungu akapitia karatasi zangu, akaniuliza kwa nini niliondoka Tanga. Alisema 'leave'. Sikio langu la Kwamtogole likasikia 'live', yaani kwa nini niliishi Tanga. Nikamjibu kwa kujiamini: kwa sababu mjomba wangu yuko kule. Yule mama akatoa macho, akamtazama mwenzake, akaandika kitu. Nadhani mpaka leo anajua nilimkimbia mjomba. Kazi nikaikosa, na mjomba wa watu nikamharibia jina.

Si ujinga, jamani. Kiswahili chetu kina irabu 5. Kiingereza cha Uingereza kina sauti za irabu zipatazo 20. Sikio lililokulia kwenye 5 linazibana zile 20 ziingie humo humo, kwa hiyo 'ship' na 'sheep' zote zinakuwa shipu. Mwalimu anaweza kuandika ubaoni mpaka chaki iishe. Macho yameona, sikio halijasikia kitu. Na mtihani tuliofanya sisi ulikuwa wa karatasi tupu, ungeweza kupata A bila kufumbua mdomo.

Dawa ipo siku nyingi, inaitwa maabara ya lugha. Wamarekani waliivalia njuga hasa baada ya Warusi kurusha Sputnik mwaka 1957. Mwaka uliofuata walipitisha sheria ya kumwaga fedha za elimu, na vyumba hivyo vikaota mashuleni kama uyoga. Kila mwanafunzi ana kibanda chake, hedifoni masikioni, maiki mdomoni. Anasikia sentensi, anairudia, mashine inanasa, halafu anasikiliza sauti zote mbili, ya mwenye lugha na yake. Mwalimu anabonyeza kitufe mezani kwake, anaingia kibanda namba 7, anamrekebisha mmoja bila wengine kujua.

Hapo pa bila wengine kujua ndipo penyewe! Darasani kwetu kulikuwa na jamaa alisema anapenda 'lice' badala ya 'rice'. Darasa zima chali kwa kicheko. Sasa hivi ana watoto watatu na bado tunamwita Chawa. Lakini kitu kimoja sikukiona wakati ule: tangu siku hiyo hakunyoosha tena mkono kipindi cha Kiingereza, miaka yote iliyobaki. Nami nilikuwa kati ya waliocheka.

Mashine peke yake nayo haitoshi. Kukariri kama kasuku kunachosha, na sentensi 100 za kanda hazikufundishi kumjibu mteja aliyekasirika. Dakika 20 vibandani, halafu watoeni nje wabishane Simba na Yanga kwa ung'eng'e.

Shuleni kwetu tuliletewa mashine hizo, msishangae. Ufunguo akakaa nao sekandi masta, eti tutaziharibu. Tuliingia mara mbili tu, siku ya ufunguzi na siku alipokuja mgeni.

Siku hizi kinasa sauti kimo kwenye simu. Binamu yangu wa Kidato cha Pili nilimwonyesha: sikiliza habari za Kiingereza, rudia sentensi, jirekodi, linganisha. Anafanya usiku, kajifunika shuka, mdogo wake asimcheke. Juzi shangazi kanipigia simu kafura ile mbaya.

"Huyu mtoto ana bwana! Kila usiku anaongea chini ya shuka."

"Anaongea peke yake, shangazi."

"Kwa Kizungu?"

"Ndiyo, shangazi."

Kimya. Halafu: "Basi ni bwana Mzungu."