WAZAZI, TUNAWANUNULIA NINI WATOTO SIKU YA EID?



Ndugu wazazi, na nyinyi vijana wanafunzi mnaosoma ukurasa huu, leo naomba mnivumilie maana nitasema kwa ukali kidogo. Eid al-Fitr iliyopita tulitoka kuswali katika uwanja wa Kigali Pelé, ule ambao wengi wetu bado tunauita Stade ya Nyamirambo, tukaenda kwa dada yangu kula. Pilau haijapakuliwa, tukasikia kilio uani. Mtoto wa miaka sita amepigwa na kipira cha plastiki, chini kidogo ya jicho. Aliyempiga ni kaka yake wa miaka kumi na minne, kwa bastola ya kuchezea, ya silinda, kama zile za makaboi kwenye sinema. Alhamdulillah jicho lilisalimika, kwa upana wa kidole kimoja tu.

Bastola yenyewe haikunishangaza. Sisi wenyewe ndio tunaozinunua kila Eid, tena tunawapiga watoto picha wakiwa wamezishika. Nilishangaa nilipoichukua nikaijaribu kwenye boksi la viatu, kipira kikatoboa boksi kikatokea upande wa pili. Nikamuuliza, imeuzwa hivi? Akanijibu kwa fahari kabisa: "Hapana mjomba, nimebadilisha springi. Nimeweka nyingine. Niliona kwenye video."

Nikamwambia anionyeshe hizo video. Tukakaa saa nzima. Ni Wamarekani, watu wazima wenye ndevu, wako kwenye karakana safi wanafungua bastola za kweli. Wanatoa springi ya kiwandani wanaweka nyepesi, wanabadilisha nyundo, wanalainisha vyuma mpaka kifyatulio kinaitika kwa mguso mdogo. Vipuri vinauzwa madukani kama vipuri vya pikipiki. Kwao ni mchezo halali, wana mashindano ya kuvaa kama kaboi na kulenga shabaha. Mimi sina ugomvi nao. Ugomvi wangu uko hapa hapa Nyamirambo, sebuleni kwetu.

Maana kaka yake mkubwa, yuko chuo, akaingilia kati kumtetea mdogo wake. "Mjomba, huo ni ufundi tu. Mtoto anajifunza umakanika. Na si Mtume SAW alihimiza tujifunze kulenga?"

Hoja hii nimeisikia kwa wengi, basi tuijibu kwa haki. Tuanze na ufundi wenyewe.

Bastola hizo asili yake ni Colt ya mwaka 1873. Huwezi kufyatua tu, lazima kwanza uvute nyundo nyuma kwa kidole gumba, ndipo ubonyeze kifyatulio, na kifyatulio kina kazi moja tu, kuiachia nyundo. Sasa, katika Colt ile ya zamani, nyundo ikilala pini yake inagusa kitako cha risasi. Ikianguka chini ikapigwa kwenye nyundo, inaweza kulia. Ndiyo maana wenye akili walikuwa wakitia risasi tano katika silinda ya matundu sita, tundu lililo chini ya nyundo wanaliacha tupu. Kampuni ya Ruger ilikuja kubadilisha muundo wa bastola zake za aina hii mwaka 1973, ikaweka kipande kinachopeleka pigo la nyundo kwenye pini pale tu kifyatulio kinapovutwa. Kisha ikajitolea kuwafungia bure kifaa cha usalama wote wenye bastola zake za zamani. Unadhani wote walikubali? Wapo mpaka leo wanaokataa, wakisema kifyatulio hakitakuwa laini kama awali! Tazama mtu mzima anavyopima. Huku uhai, huku ulaini wa kidole, naye anachagua kidole.

Na mkisema hayo ni ya kale, haya ni ya juzi. Tarehe 21 Oktoba 2021, huko New Mexico, Marekani, walikuwa wakitayarisha tukio la filamu iitwayo Rust. Bastola iliyokuwa mkononi mwa mwigizaji Alec Baldwin, nakala ya Colt hiyo hiyo, ikalia. Ndani mlikuwa na risasi ya kweli ambayo haikupaswa kuwapo. Halyna Hutchins, mpiga picha mkuu wa filamu ile, akafa, na mwongozaji akajeruhiwa. Mwigizaji akasema hakuvuta kifyatulio. Aprili 2023 mashtaka dhidi yake yakaondolewa kwanza, kwa sababu ilidaiwa kwamba huenda bastola ile ilikuwa imebadilishwa vyuma ndani. Wataalamu wakaichunguza, mashtaka yakarudi Januari 2024, na Julai 2024 kesi ikafutwa kwa sababu upande wa mashtaka ulizuia ushahidi. Msimamizi wa silaha, msichana wa miaka ya ishirini na kitu, alikwisha kutiwa hatiani Machi 2024 akapata miezi 18. Wanasheria na wataalamu wa nchi tajiri walibishana miaka juu ya kipande cha chuma kisichozidi ukucha, kama kilikatwa au hakikukatwa. Na wewe mzazi unaniambia kijana wa miaka kumi na minne anajifunza umakanika?

Haya, sunna. Ni kweli Mtume SAW alihimiza kulenga kwa mishale. Lakini aliyehimiza hilo ndiye aliyeamrisha kwamba mwenye kupita msikitini au sokoni na mishale aishike kwenye ncha zake, asije akamjeruhi Muislamu. Na katika Sahihi Muslim imo kwamba anayemwelekezea nduguye chuma malaika humlaani mpaka aache, hata akiwa ni ndugu yake wa baba mmoja na mama mmoja. Baba mmoja na mama mmoja! Nikamtazama mwanachuo wetu, nikamtazama na yule mdogo ameweka barafu shavuni. Hakusema neno.

Kuna jambo jingine ambalo vijana waliozaliwa juzi hawalijui. Mlio ule ulipotoka uani, bibi yao alikuwa amekaa barazani. Alisimama, akaingia chumbani, hakutoka mpaka alasiri. Hatukumuuliza. Katika Mauaji ya Kimbari dhidi ya Watutsi mwaka 1994 waliuawa watu zaidi ya milioni moja kwa hesabu ya serikali yetu, na hapa Nyamirambo na Biryogo wapo Waislamu, ingawa si wote, waliowaficha majirani zao ndani ya nyumba wakasifiwa duniani kwa hilo. Bibi huyu anaijua milio ile. Nyumba kama hiyo ndimo tunamoleta bastola, tunaifunga kwa karatasi ya maua, tunaiita zawadi.

Sheria nayo ipo. Rwanda ina sheria ya silaha ya mwaka 2018, na raia hana ruhusa ya kumiliki bunduki bila kibali. Itifaki ya Nairobi ya tarehe 21 Aprili 2004, ambayo nchi yetu imo, inahesabu hata kuunganisha silaha bila leseni kuwa ni utengenezaji haramu. Najua, bastola ya plastiki haimo humo. Lakini mkono unazoea. Majirani zetu Tanzania wanahangaika na magobore, bunduki zinazoundwa na mafundi wa vijijini, na mafundi wale hawakuzaliwa wakijua.

Wala sisemi tumnyime mtoto spana. Mtoto huyu ana mikono, wallahi. Springi ile aliipima, akaikata, akaifunga bila kuvunja kitu. Waislamu wa mji huu tangu zamani walijulikana kwa udereva na kwa biashara, na karakana za Gatsata zimejaa injini zinazomngoja mtu kama yeye. Nimeshazungumza na rafiki yangu mmoja huko, amekubali kumpokea siku za likizo, kuanzia na kuosha vyuma kwa petroli kama tulivyoanza sote. Baba yake anasema ataharibu nguo. Bwana shemeji, nguo tutanunua!

Bastola ile ninayo mimi, iko kabatini juu. Dada amenipigia simu mara mbili, anasema mtoto anaidai kwa sababu aliinunua kwa pesa zake za Eid. Nimemwambia aje mwenyewe kuichukua, na aje na mdogo wake.