Kigae cha Mutanga Sud

Juzi, hapa Mutanga Sud, mjini Bujumbura, vibarua waliokuwa wakichimba msingi wa nyumba ya ghorofa walitupa ukingoni, pamoja na udongo, vigae vya chungu vyenye nakshi ya mistari, na kabla ya adhuhuri vilikwisha fukiwa kwa kokoto. Nami fikra ikanipeleka mbali, hata Uajemi, kwenye mji wa kale wa Anshan, ambao nao udongo ndio uliotuambia ulipo.

Mji huo ulikuwa wa Waelami kabla haujawa wa Waajemi, na Koreshi, aliyeuteka Babeli mwaka 539 kabla ya Masihi, alijinasibu katika mwandiko wa udongo kuwa mfalme wa Anshan, yeye na wazee wake. Hata hivyo mahali pake palisahauliwa, likabaki jina tupu, mpaka katika tuta la Malyan, kilomita 46 kaskazini ya Shiraz, ambako William Sumner na wenzake wa Chuo Kikuu cha Pennsylvania walianza kuchimba mwaka 1971, yalipopatikana matofali yenye jina la mji wenyewe.

Shiraz! Hapana Mswahili asiyelisikia jina hilo, maana taarikhi ya Kilwa yasema masultani wa kwanza walitoka huko. Wako waliosadiki yote, na wako waliokana yote, wakayaita majivuno. Ubishi usio na kadhi, hata udongo ulipoulizwa. Kule Shanga, kisiwani Pate, Mark Horton alikuta misikiti iliyojengwa mmoja juu ya magofu ya mwingine, ya chini kabisa ikiwa ya miti, tangu karne ya 8. Na mwaka 2023 wataalamu waliopima vinasaba katika mifupa ya watu 80 wa kale walionyesha kuwa nasaba ya pwani, kwa upande wa mama, karibu yote ni ya Kiafrika, ilhali kwa upande wa baba damu ya Ajemi imo, tena nyingi. Wazee hawakutudanganya, ila walimsahau mama.

Burundi nayo ina tanuri za chuma za kale na vyungu vya kale vya mtindo uitwao Urewe, ambavyo Van Grunderbeek na wenziwe walivitungia kitabu mwaka 1983. Siombi ujenzi usimame, kwani watu wanataka pa kulala. Lakini Chuo Kikuu cha Burundi kina kampasi papa hapa Mutanga. Basi wewe mwenye kiwanja, ukiona kigae, usikiokote, kwa kuwa kikishaondolewa mahali pake hakisemi tena: simamisha jembe kwa saa moja, ukawaite wataalamu wa chuo.